Usimjibu daktari "sijambo": kuomba na kupokea malipo ya ulemavu Marekani

Mdogo wangu alipigwa na kiharusi Machi 2022, saa kumi alfajiri, akivaa viatu vya kwenda zamu ya kiwanda cha nyama. Alikuwa na miaka 38. Tulikuwa tumefika Iowa Februari 2019 kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na kabla ya hapo Uvira, Kongo. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaanza kumtoroka katikati ya sentensi. Kutoka alfajiri ile mpaka barua ya kukubaliwa ilipita miaka miwili kamili. Sehemu kubwa ya muda huo tuliipoteza kwa mambo ambayo mtu angetukalisha mezani na kutueleza kwa Kiswahili, tungeyakwepa. Viwango vyote nitakavyotaja ni vya 2026 isipokuwa pale nitakapotaja mwaka mwingine, maana karibu kila Januari hubadilika.

Mifuko miwili, ofisi moja

Ofisi ni moja, Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, lakini mifuko ni miwili. SSDI ni bima ya mfanyakazi. Kila ulipopokea mshahara ulikatwa asilimia 6.2, na mwajiri akalipa kiasi hichohicho kwa upande wake. Hiyo ndiyo michango yako. Kazi inahesabiwa kwa krediti, zisizozidi 4 kwa mwaka. Krediti moja ni dola 1,890 za mapato, kwa hiyo aliyefikisha dola 7,560 amepata zote 4 za mwaka, hata kama alifanya kazi miezi michache. Kijana aliyeumia kabla ya miaka 24 anaweza kutosheka na krediti 6 za miaka 3 iliyotangulia. Mwenye miaka 31 hadi 42 anatakiwa awe na 20, zilizopatikana ndani ya miaka 10 kabla ya kuumia. Mdogo wangu alikuwa na 16. Alifanya kazi 2019, 2020, 2021 na miezi ya kwanza ya 2022, akapungukiwa krediti za mwaka mmoja tu. Siku karani alipotutajia hesabu hiyo nililia pale pale kwenye kiti.

Mfuko wa pili ni SSI. Huu haukuulizi ulichanga kiasi gani. Unakuuliza una nini. Ni wa mlemavu, asiyeona, au mzee wa miaka 65 na zaidi, ambaye kipato chake ni kidogo na mali yake haizidi dola 2,000. Kwa mume na mke ni 3,000. Mipaka hiyo haijasogezwa tangu 1989. Nyumba unayoishi, kama ni yako, haihesabiwi, wala gari moja. Malipo kamili ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 1,491 kwa wanandoa ambao wote wawili wanastahili. Baadhi ya majimbo, kama California, huongeza kidogo juu yake, na katika majimbo mengi ukipata SSI unapata na Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Ukipiga simu, sema unataka kuomba yote mawili. SSDI ya mtu aliyefanya kazi muda mfupi huwa ndogo, na SSI inaweza kujaza pengo. Mtoto mlemavu naye anaweza kupata SSI, ila hapo mapato ya wazazi yanaingizwa kwenye hesabu.

Piga simu leo, makaratasi yatafuata

Sisi tulipiga simu Septemba. Tulisubiri apone kwanza, tukaona aibu kuomba, halafu tukasubiri makaratasi ya hospitali. Miezi sita ikapotea na haikurudi, kwa sababu SSI hulipwa kuanzia mwezi unaofuata ule ulioomba, hairudi nyuma hata siku moja. SSDI inaweza kurudi nyuma hadi miezi 12 kabla ya maombi, lakini miezi 5 kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi.

Namba ni 1-800-772-1213. Sema "Swahili", kisha subiri. Mkalimani ni wa bure na ni haki yako, kwenye simu na ofisini. Tarehe uliyosema unataka kuomba huandikwa na kulindwa, mradi ukamilishe maombi ndani ya muda watakaokupa kwenye barua.

Tafadhali, usimtumie mtoto kutafsiri. Binti yangu wa miaka 12 alitafsiri simu yetu ya kwanza. Walipouliza kama mjomba wake anajihudumia chooni, aliona haya. Akaruka swali akajibu ndiyo. Jibu hilo liliingia kwenye faili, na lilitufuata mpaka mbele ya jaji.

Nunua daftari. Kila simu andika tarehe, saa, jina la aliyekupokea na alichosema. Kila karatasi unayopeleka, baki na nakala na uombe risiti.

Wanachokipima

Hawalipi ugonjwa. Unaweza kuwa na kisukari, presha na diski ya mgongo iliyotoka, barua ikasema hustahili. Swali lao ni hili: je, mwili au akili yako inakuzuia kufanya kazi, yoyote ile, kwa miezi 12 au zaidi, au ni hali inayotarajiwa kuleta kifo? Hakuna ulemavu wa nusu kwenye mifuko hii. Ni ndiyo au hapana.

Wanaanza na kipato: anayeomba huku akipata zaidi ya dola 1,690 kwa mwezi kwa kazi, faili lake hufungwa hapo hapo. Kisha wanaangalia kama tatizo ni zito, kama limo kwenye orodha yao ya magonjwa yanayokubalika moja kwa moja, kama unaweza kurudi kwenye kazi zako za miaka 5 iliyopita, na mwisho kama kuna kazi nyingine yoyote nchini unayoiweza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi wetu. Mtu anasema, "Siwezi tena kukata nyama." Wao wanajibu, "Unaweza kukaa kwenye kiti ukakagua vifuniko vya chupa." Aliyevuka miaka 50 huangaliwa kwa kanuni nyepesi zaidi, na 55 zaidi ya hapo. Halafu kuna jambo ambalo watu kanisani bado hawalijui: kutojua Kiingereza hakukusaidii tena katika hesabu hii. Sheria hiyo ilibadilishwa Aprili 2020. Usitegemee hoja hiyo hata kama shemeji yako alishinda nayo zamani.

"Niko muzuri, Mungu anasaidia"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoangukia.

Miezi mitatu baada ya maombi, ofisi ya jimbo inayopima ulemavu ilimwita mdogo wangu kwa daktari wanayemlipa wao. Miadi hiyo ni ya lazima. Ukikosa bila sababu, wanaweza kukukatalia kwa hilo peke yake. Daktari aliingia, akampa mkono, akamuuliza anaendeleaje. Mdogo wangu, aliyelelewa na baba yetu kumheshimu mkubwa, akajikaza akasimama, akatabasamu, akajibu: "Niko muzuri, Mungu anasaidia." Mkalimani akatafsiri vilevile. Nilikuja kuiona ripoti baadaye. Ilisema mgonjwa anaeleza kuwa anaendelea vizuri, amesimama bila kusaidiwa. Februari 2023 barua ya kukataliwa ikafika.

Ndugu zangu, lugha yetu imetufundisha kusema hatuna jambo kabla hatujasema jambo letu. Mtu ana homa, anaulizwa hujambo, anajibu sijambo. Ana msiba, anajibu salama, kisha ndipo anaeleza. Kwetu, anayesikiliza anajua kungoja maneno yanayofuata. Daktari wa Iowa hangoji. Anaandika neno la kwanza.

Kwa hiyo mfundishe mgonjwa wako kujibu hivi: "Asante, daktari. Leo nina maumivu hapa na hapa, na nimeshindwa kufanya hiki na hiki." Huko si kukosa adabu. Na mwambie daktari wenu wa kila siku maneno hayo hayo, kila miadi, hata kama mmekuja kwa ajili ya dawa ya presha tu, kwa sababu faili lake ndilo litakaloombwa. Utasaini karatasi ya ruhusa, namba SSA-827, ili hospitali zitoe kumbukumbu zako. Ukisahau kutaja kliniki moja, kumbukumbu za pale hazitaletwa.

Kisha itakuja fomu ndefu ya maisha ya kila siku, SSA-3373. Inauliza unavaaje, unapikaje, unatembea umbali gani, nani unaongea naye. Mara ya kwanza tuliijaza jioni moja baada ya chakula, tukaandika "ndiyo" kila mahali. Anapika? Ndiyo. Anaoga? Ndiyo. Anakwenda kanisani? Ndiyo.

Kwenye rufaa tuliambatanisha maelezo mapya, na haya ndiyo tuliyoandika safari hii. Anapika: anapasha chakula kwenye maikrowevu kwa mkono wa kushoto, mara mbili au tatu kwa wiki, ugali hawezi kuusonga, sufuria ya maji hawezi kuiinua, na Januari aliungua kidole kwa sababu mkono wa kulia hausikii moto. Anaoga: akikaa kwenye kiti cha plastiki, dakika 40, mwanangu wa kiume akisimama mlangoni, na baada ya hapo analala saa nzima. Kanisani: Jumapili moja kati ya tatu, anapelekwa kwa gari, anakaa nyuma, anaondoka kabla ya mahubiri kuisha kwa sababu kelele za ngoma zinamchanganya.

Unaona tofauti? Kila jibu lina mambo manne: kwa muda gani, mara ngapi, kwa msaada wa nani, na nini kinafuata baadaye. Usiongeze chumvi, hata punje. Wanalinganisha majibu yako na faili la daktari, na uongo mmoja unaua ukweli wote uliobaki. Eleza siku mbaya, eleza na siku nzuri, na useme kwa mwezi siku mbaya ni ngapi. Hapo ndipo kazi inapohesabiwa, maana hakuna bosi atakayemvumilia mtu anayekosa siku sita kila mwezi.

Ukikataliwa

Usianze upya. Kata rufaa. Una siku 60 tangu kupokea barua, na wao wanachukulia kwamba ulipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Jirani yetu mmoja aliitupa barua ndani ya droo kwa sababu haikuwa na hundi. Alipoileta kwangu siku 60 zilishapita, na alilazimika kuomba upya na kupoteza mwaka mzima wa malimbikizo, yaani malipo ya miezi ya nyuma.

Ngazi ya kwanza faili linaangaliwa na mtu mwingine. Sisi tulikataliwa tena, Julai 2023. Ngazi ya pili ni jaji, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu anakutazama usoni. Juu ya jaji kuna Baraza la Rufaa, na juu yake mahakama ya shirikisho.

Kwa jaji nenda na mwanasheria. Wa kulipwa hachukui kitu ukishindwa. Ukishinda, kwa mkataba wa kawaida anapata asilimia 25 ya malimbikizo, isiyozidi dola 9,200. Sisi tulipata wa msaada wa kisheria bila malipo. Mama yule alitumia saa nzima kumwuliza mdogo wangu kuhusu vifungo vya shati. Jaji naye akauliza kuhusu vifungo. Na alipouliza juu ya lile "ndiyo" la chooni, binti yangu alikuwa ameandika barua ya nusu ukurasa akieleza kwa nini alijibu vile. Machi 2024 tulishinda.

Pesa inavyokuja na inavyokatwa

SSI huingia tarehe 1. Ikiangukia wikendi au sikukuu, huingia siku ya kazi iliyotangulia. SSDI kwa kawaida hufuata siku ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe 1 hadi 10, Jumatano ya pili ya mwezi; 11 hadi 20, ya tatu; 21 hadi 31, ya nne. Nyingi ya tarehe za kuzaliwa tulizopewa kambini ni 1 Januari, kwa hiyo wengi wetu tunaangukia Jumatano ya pili. Hundi za karatasi zilisimamishwa Septemba 2025 isipokuwa kwa wachache. Fungua akaunti ya benki au chukua kadi ya Direct Express, ambayo malipo huingizwa humo. Anayepata SSDI huingizwa Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, baada ya miezi 24 ya kustahili malipo.

Malimbikizo ya SSI yakiwa makubwa hayaji mara moja. Huja kwa mafungu yasiyozidi matatu, miezi 6 kati ya moja na jingine, ila wanaweza kuongeza fungu la mwanzo kama una deni la kodi ya nyumba, chakula au dawa. Una miezi 9 kabla pesa hiyo haijaanza kuhesabiwa kuwa mali.

Sasa kosa langu mimi. Siku ya mahojiano karani aliniuliza mdogo wangu analipa nini nyumbani kwangu. Nikajibu kwa fahari: halipi hata senti, ni damu yangu. Kwa jibu hilo walikata theluthi moja ya malipo yake, kwa sababu anayeishi bure kwa mtu anahesabiwa kuwa amepata kipato. Tangu 30 Septemba 2024 chakula hakihesabiwi tena, kwa hiyo mnaweza kula sahani moja bila hofu, lakini malazi bado yanahesabiwa. Akilipa sehemu yake ya haki ya kodi na umeme, hakatwi. Na kama bado hajaanza kulipwa, mnaweza kukubaliana kwa kweli kwamba unamkopesha malazi na atakulipa pesa ikija. Mkopo wa kweli hauhesabiwi kuwa kipato. Mkubaliane mwanzoni, muandike, na alipe kweli.

Akipata kazi ndogo, asiogope. Kwenye SSI wanaondoa dola 20, kisha 65, kisha nusu ya inayobaki. Akipata dola 485 kwa mwezi, inayobaki ni 400, nusu yake 200, na SSI inakuwa 794. Mkononi ana 1,279. Ila aripoti ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. SSDI ina utaratibu mwingine: miezi 9 ya kujaribu kazi ambamo hukatwi kitu.

Kisha kuna likilimba. Watanzania mnaita upatu, Wakenya chama. Mama mmoja wa kwetu alipokea zamu yake, dola 3,000, tarehe 30. Akalala. Tarehe 1 asubuhi, wakati mali inapohesabiwa, akaunti ilikuwa na 3,400. Kwa mwezi ule hakustahili hata senti, na barua ya kudaiwa ikaja miezi kadhaa baadaye. Vilevile michango ya msiba: usikubali kuwa mweka hazina wa rambirambi kama unapata SSI, kwa sababu jina lako likiwa kwenye akaunti wanachukulia pesa ni yako mpaka uthibitishe vingine. Na usikimbilie kuigawa pesa yako ili ishuke chini ya 2,000. Kugawa mali hivyo kunaweza kukufungia nje hadi miezi 36. Lipa deni, nunua kitanda, tengeneza gari, na utunze risiti.

Kuna na njia halali ya kuweka akiba, akaunti ya ABLE. Zamani ilikuwa ya waliopata ulemavu kabla ya miaka 26. Tangu 1 Januari 2026 ni kabla ya 46, kwa hiyo mdogo wangu ameingia. Hadi dola 100,000 ndani yake hazihesabiwi kwenye SSI.

Ukipokea barua kwamba ulilipwa zaidi, usinyamaze wala usilipe kwa hofu. Unaweza kupinga, au kuomba usamehewe kwa fomu SSA-632 kama halikuwa kosa lako na huna uwezo. Ukipinga ndani ya siku 30, hawaanzi kukata kwanza.

Safari pia. Ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inasimama, na hairudi mpaka ukae ndani siku 30 mfululizo. Aliyekwenda kumzika mama Bujumbura arudi siku ya 25.

Miaka saba

Mkimbizi anayepata SSI ana miaka 7 tu, kuanzia siku aliyopewa hadhi ya ukimbizi. Kwa aliyeletwa na ndege kama sisi, ni siku ya kuingia. Baada ya hapo, kwa kawaida asiye raia hukatwa, isipokuwa aliye na grini kadi na krediti 40 za kazi, zake pamoja na za mwenzi wake. Mlemavu asiyeweza kufanya kazi atazipata wapi? Njia iliyobaki ni uraia.

Anza mapema. Ombi la uraia linaruhusiwa siku 90 kabla ya kutimiza miaka 5, na kwa mkimbizi miaka hiyo inahesabiwa tangu alipoingia nchini. Kama ugonjwa unamzuia kujifunza Kiingereza au historia ya Marekani, daktari anajaza fomu N-648 ili asamehewe mtihani. Daktari lazima aeleze jinsi ugonjwa wenyewe unavyozuia kujifunza. Kuandika "ana kiharusi" hakutoshi. Ya kwanza ya mdogo wangu ilirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Ya pili ilieleza ni maneno mangapi aliyasahau ndani ya dakika kumi, ikapita.

Aliapa Oktoba 2025, mkono wa kushoto ukiwa umeinuliwa. Wiki ile ile tulipeleka cheti Social Security, maana ofisi mbili hizo haziambiani kila kitu, na nikaandika jina la karani daftarini. Februari 2026 miaka yake saba ilitimia. Malipo ya Machi yaliingia Ijumaa tarehe 27, kwa kuwa tarehe 1 ilikuwa Jumapili, na Jumamosi akanipa sehemu yake ya kodi, nami nikamwandikia risiti.